Sijui ninakimbia hesabu au ninakimbia uchumi wenyewe

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasoma shahada ya kwanza ya uchumi. Nakuandikia kwa sababu muda wa kuomba kuhama kozi unakwisha pamoja na muhula huu, na kila ninayemuuliza ananipa jibu kabla sijamaliza kueleza.

Sikuingia uchumi kwa kubahatisha. Tangu sekondari nilikuwa na swali moja lililonikera: kwa nini watu ninaowajua wanaofanya kazi kwa bidii kuliko wote ndio wenye kipato kidogo kuliko wote? Mwalimu wangu wa historia aliniambia kwamba hilo ni swali la wachumi. Nikajaza uchumi kama chaguo la kwanza. Hesabu sikuwa mbaya, wala sikuwa hodari. Nilizisoma kwa sababu zilikuwa za lazima.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Ugavi na mahitaji, mfumuko wa bei, Pato la Taifa, jinsi benki kuu inavyopandisha na kushusha riba, vyote nilivifurahia. Michoro niliielewa upesi. Kwenye kikundi chetu mimi ndiye niliyekuwa nawaeleza wenzangu kwa nini bei ya bidhaa ikipanda mkunjo wa mahitaji hausogei, ila tunapanda juu ya mkunjo uleule. Nilimaliza mwaka na alama nzuri, na nyumbani walifurahi sana.

Mwaka wa pili umenigeuka. Mikroekonomia, yaani uchumi wa maamuzi ya mtu mmojammoja na kampuni, sasa si michoro tena, ni milinganyo tangu mwanzo wa kipindi hadi mwisho. Kwenye mtihani wa katikati ya muhula tulipewa mtu mwenye kipato chake, bidhaa mbili na bei zake, tutafute atanunua kiasi gani cha kila moja ili aridhike kadiri inavyowezekana. Nilijua wanachotaka. Niliandika mlinganyo kwa mbinu ya Lagrange, ile ya kutafuta kilicho bora kabisa pale kipato kina kikomo, nikafanya kalkulasi yake, nikapata milinganyo mitatu. Nilipofika pa kugawanya wa kwanza kwa wa pili, vile vipeo vya sehemu vikanivuruga. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, karatasi ikachanika. Mwisho nikaandika aya nzima kwa maneno: kwamba mtu huyu ataendelea kuhamisha fedha yake kutoka bidhaa moja kwenda nyingine mpaka senti ya mwisho anayoitumia huku imridhishe sawasawa na senti ya mwisho anayoitumia kule. Nilipata alama nne kati ya ishirini. Pembeni msahihishaji aliandika kwa kalamu nyekundu: "Unajua unakokwenda. Njia huijui."

Lipo la pili, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kwenye mada ya soko la ajira tulifundishwa kwamba mshahara hulingana na thamani ya kile anachoongeza mfanyakazi wa mwisho kuajiriwa. Nikanyoosha mkono nikauliza: basi mama yangu, anayemuuguza bibi usiku na mchana bila kulipwa hata senti, anaongeza sifuri? Darasa likacheka. Mhadhiri, tena kwa upole, akasema hilo si somo la leo, akarudi ubaoni. Sikumchukia. Lakini tangu siku hiyo nikikaa darasani naona kama tunasoma dunia ambayo mama yangu hayumo.

Na ninaogopa ninavyobadilika. Likizo iliyopita kaka yangu mkubwa alikuwa anatusimulia habari za mwenzake aliyeachishwa kazi pamoja na wengine wengi. Nikajikuta nasema, "Soko la ajira litajirekebisha tu, watapata kwingine." Wote walinyamaza. Mama aliniangalia, akainuka akaanza kukusanya vyombo. Nilijisikia vibaya mno, maana sikuwa hivyo.

Kaka huyo ndiye anayenilipia ada. Yeye aliacha masomo ili sisi wadogo tusome. Kila anaponitambulisha kwa watu anasema, "Huyu ndiye mchumi wetu." Nimefikiria kuhamia sosholojia, na idara yao iko tayari kunipokea, ila masomo mengi nitayaanza upya. Nikifikiria kumwambia kaka kwamba mwaka na nusu umekwenda hivihivi, ulimi unakuwa mzito.

Rafiki yangu wa karibu kwenye kikundi ameniambia neno ambalo siwezi kulisahau: "Wewe huna ugomvi na uchumi. Una hofu ya hesabu, na sasa unatafuta sababu yenye heshima ya kuondoka." Nilinuna, lakini usiku nikajiuliza kama amesema kweli.

Mama, naondoka kwa sababu somo hili haliwaoni watu kama mama yangu, au naondoka kwa sababu nimeshindwa? Na kama nimeshindwa, nina haki gani ya kusema somo ni baya?

Ni mimi,
Niko Njia Panda

MAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa hiyo karatasi iliyochanika, na pole zaidi kwa kicheko cha darasani. Uliuliza swali la kweli kuhusu mtu unayempenda, wakacheka. Hilo halisahauliki kirahisi, na sitakuambia ulipuuze.

Nikikuelewa vizuri, unabeba mambo mawili uliyoyafunga fundo moja. La kwanza ni kwamba hesabu za mwaka wa pili zinakushinda. La pili ni kwamba unachofundishwa unakiona kinawadharau watu wako. Halafu rafiki yako amekuja akakuambia kwamba la pili ni kisingizio cha la kwanza, na tangu hapo huyaamini machozi yako mwenyewe. Ningependa tuyafungue haya mawili, tulitazame kila moja peke yake, kwa sababu unaweza ukawa na udhaifu katika hesabu na bado ukawa na hoja nzito dhidi ya mafundisho. Moja halilifuti jingine.

Tuanze na hesabu. Nimeisoma sehemu ile ya mtihani mara kadhaa, na kuna jambo umeliandika bila kulitilia maanani. Unasema uliandika mlinganyo wa Lagrange. Unasema kalkulasi uliifanya. Ulikwama kwenye kugawanya, vipeo vilipokuvuruga. Mwanangu, vipeo si hesabu za chuo kikuu. Ni aljebra ya sekondari. Sehemu ambayo wanafunzi wengi huiogopa uliipita salama, ukaangukia kwenye kizingiti cha zamani ambacho pengine hakuna aliyekisimamia vizuri ulipokuwa mdogo.

Chukua daftari tufanye pamoja, maana nataka uone kwa macho yako. Tuseme kuridhika kwa yule mtu kunapimwa kwa x yenye kipeo cha nusu, mara y yenye kipeo cha nusu. Ukishafanya kalkulasi kwa upande wa x unapata nusu, mara x yenye kipeo cha hasi nusu, mara y yenye kipeo cha nusu. Kwa upande wa y inakuwa kinyume chake: nusu, mara x yenye kipeo cha nusu, mara y yenye kipeo cha hasi nusu. Sasa gawanya ya kwanza kwa ya pili. Zile nusu za mbele zinakatana. Kugawanya namba zenye kitako kimoja ni kutoa vipeo: kwa x, hasi nusu toa nusu ni hasi moja. Kwa y, nusu toa hasi nusu ni moja. Kinachobaki ni y juu, x chini, basi. Na hiyo inalingana na bei ya x ikigawanywa kwa bei ya y. Ukizidisha kimshazari unaona kwamba fedha anayoitumia kwenye x ni sawa na anayoitumia kwenye y. Kwa lugha ya kila siku, mtu huyu anakigawa kipato chake nusu kwa nusu.

Ile aya uliyoiandika kwa maneno ilikuwa sahihi. Senti ya mwisho huku imridhishe sawa na senti ya mwisho kule: ndicho hasa mlinganyo unachosema. Msahihishaji aliliona hilo, ndiyo maana akaandika kwamba unajua unakokwenda. Wewe uliisoma sentensi yake ya pili tu.

Mchumi wa Uingereza Alfred Marshall, aliyeandika kitabu kilichofundishia wachumi kwa miongo tangu mwaka 1890, alimwandikia mwenzake Arthur Bowley barua mwaka 1906 akimweleza anavyotumia hesabu. Kwa ufupi alisema: hesabu zitumike kama mkato wa kuandikia, si chombo cha uchunguzi. Ukimaliza yafasiri kwa lugha ya kawaida, toa mifano iliyo muhimu katika maisha, kisha zichome hesabu zenyewe. Ungempa Marshall aya yako, nadhani angeipenda. Lakini usimkumbatie haraka, kwa sababu Marshall alikuwa wa pili katika mtihani mkuu wa hesabu wa Cambridge mwaka 1865. Aliyesema zichomwe alizijua vilivyo.

Kwa hiyo kabla hujasema hesabu zimekushinda, ningetamani ujue ni zipi. Chukua karatasi yako ya mtihani, uende ofisini kwa mhadhiri au kwa mwalimu msaidizi katika saa zake za kuonana na wanafunzi, umwombe akuonyeshe mstari kwa mstari ulipoanza kupotea. Usimwambie "sielewi hesabu." Mwambie "nilikwama hapa." Kama ni vipeo, logi na kuhamisha namba upande wa pili, hayo yanazibika kwa kufanya maswali kwa mkono wako, majibu yakiwa yamefunikwa, kila siku kidogokidogo. Kumtazama mtu akikokotoa kwenye video hakufundishi mkono. Kama tatizo ni pana zaidi ya hapo, heri ulijue sasa, kwa sababu mbele yako kuna ekonometriki, yaani kupima mambo ya uchumi kwa takwimu, na huko kuna takwimu nyingi na mara nyingine matriksi. Na ukiwa na ndoto ya kufika uzamivu katika uchumi, hesabu zake ni nzito kuliko hizi za sasa kwa mbali. Mimi siwezi kulipima hilo kutoka kwenye barua. Wewe unaweza, ukijipa majuma ya mazoezi ya dhati kabla ya muda wa kuhama haujafungwa.

Sasa tuje kwenye lile linalokuuma.

Umefundishwa kwamba mshahara hulingana na thamani ya kinachoongezwa na mfanyakazi wa mwisho, na ukasikia kama umeambiwa kwamba kila mtu analipwa anachostahili. Hujasikia vibaya bila sababu. Mwaka 1899 mchumi wa Marekani John Bates Clark alidai karibu hivyohivyo: kwamba ushindani ukiachwa ufanye kazi yake, kila mmoja hupata kile alichokizalisha. Wengi walimpinga, na wanaendelea kumpinga. Lakini kanuni yenyewe, kama inavyofundishwa leo, ina masharti: waajiri wawe wengi wanaoshindana, mfanyakazi aweze kuondoka na kwenda kwingine, taarifa ziwe wazi. Inasema nini kingetokea masharti hayo yakitimia. Haisemi kwamba yametimia, wala haisemi kwamba matokeo yake ni haki. Haraka ya kumaliza mtaala mara nyingi huyameza masharti, mwanafunzi akabaki na hitimisho tupu.

Na masharti yasipotimia? Mchumi wa Uingereza Joan Robinson aliliandikia hilo mwaka 1933. Alionyesha kwamba mwajiri akiwa peke yake mahali, au wakiwa wachache, anaweza kulipa chini ya kile mfanyakazi anachozalisha, na mfanyakazi akakosa pa kukimbilia. Mwaka 1994 wachumi David Card na Alan Krueger wakatoa utafiti juu ya kima cha chini cha mshahara katika migahawa 410 ya chakula cha haraka katika majimbo ya Marekani ya New Jersey na upande wa jirani wa Pennsylvania. New Jersey ilikuwa imepandisha kima hicho mwaka 1992, Pennsylvania haikupandisha. Somo lako la mwaka wa kwanza lingetabiri kwamba ajira New Jersey zitapungua. Hawakuona zikipungua. Wengine walibisha, wakakusanya takwimu nyingine, ubishi ukaendelea miaka mingi, na Card akapata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2021, Krueger akiwa ameshafariki. Ninachotaka ukione ni hesabu yao ilivyokuwa katika kiini chake. Chukua badiliko la ajira huku, toa badiliko la ajira kule. Ni kutoa mara mbili. Ugumu wote ulikuwa katika kuuliza vizuri na kuchagua cha kulinganisha nacho, na hapo, kwa jinsi ulivyoandika barua hii, sikuoni ukiwa mnyonge.

Kuhusu mama yako. Mhadhiri alisema si somo la leo, na pengine kweli ratiba ilimbana. Lakini swali lako lina ukoo mrefu ndani ya uchumi wenyewe. Simon Kuznets, aliyeongoza kazi ya kulipima pato la taifa la Marekani, aliionya serikali katika ripoti ya mwaka 1934 kwamba ustawi wa watu hauwezi kusomwa moja kwa moja kutoka kwenye kipimo hicho, na kazi za nyumbani alikiri zimeachwa nje. Mwaka 1988 Marilyn Waring wa New Zealand aliandika kitabu kizima kuhusu kazi za wanawake zisizohesabiwa kwenye takwimu za taifa. Siku hizi kuna nchi zinazofanya tafiti za matumizi ya muda, ambamo watu huandika saa zao za siku nzima, za kupika, kuuguza na kulea, na baadhi ya nchi hutengeneza hesabu za pembeni zinazoipa kazi hiyo thamani ya fedha. Mtu anayefanya kazi hiyo ni mchumi au mtakwimu, kwa kawaida, na mara nyingi aliianza kwa swali kama lako.

Sisemi haya ili kukubembeleza ubaki. Nayasema kwa sababu barua yako inachukulia kwamba muhula mmoja wa nadharia ndio uchumi wote. Tafuta orodha ya masomo ya mwaka wa tatu na kuendelea: uchumi wa kazi, uchumi wa maendeleo, historia ya uchumi, uchumi wa sekta ya umma. Waulize walioyasoma wanafundishwa nini humo. Huenda ukakuta ndimo swali lako la sekondari lilimojificha. Huenda pia ukakuta idara yako inayafundisha hayo kwa milinganyo ileile na kwa moyo uleule, na hapo utakuwa na sababu nzito zaidi ya kuondoka kuliko uliyonayo leo.

Lile la nyumbani nimelifikiria sana. Si wewe wa kwanza kuogopa kwamba uchumi unambadilisha mtu. Mwaka 1981 watafiti Gerald Marwell na Ruth Ames walichapisha majaribio yao, ambamo watu waliombwa kuchangia mfuko wa pamoja, na wanafunzi wa uchumi wa shahada za juu walichangia kidogo kuliko wengine. Mwaka 1993 mchumi Robert Frank na wenzake wakaliendeleza swali hilo. Ubishi uliobaki ni kama somo ndilo linalowabadilisha watu, au watu wa namna hiyo ndio wanaolichagua. Lakini wewe sentensi ilikutoka, ukaona uso wa mama yako, na mpaka leo inakusumbua. Hilo ni jambo la kukupa moyo. Tena ukiitazama, sentensi yako haikuwa uongo mtupu: watu wengi wanaoachishwa kazi hatimaye hupata nyingine. Ila kaka yako alikuwa anamzungumzia mtu mmoja anayemjua jina, na wewe ukamjibu kwa wastani. Mchumi mzuri angeuliza: atakaa bila kazi muda gani, atakula nini wakati huo, na kazi atakayopata italipa kama ile ya kwanza? Maswali hayo yana heshima mezani, na ni ya kiuchumi kabisa.

Sasa, rafiki yako. Alikuambia jambo gumu, na sidhani alikuwa na nia mbaya. Nadhani amepatia nusu: hofu ya hesabu ipo, umeikiri mwenyewe. Lakini kukuambia kwamba uchungu wako juu ya mama yako ni kisingizio, hapo amevuka mpaka wa anachokijua. Jiulize hivi, faraghani: kama kesho ungefaulu mtihani ule kwa alama kumi na nane, je, bado ungetaka kuondoka? Na upande wa pili: kama mhadhiri angekujibu vizuri siku ile, tena kwa heshima, je, alama nne zingekufanya ufikirie kuhama? Usijibu haraka. Majibu yake mawili yatakuambia mengi kuliko mimi.

Umeuliza una haki gani ya kulilaumu somo ambalo huliwezi. Haki unayo. Hoja haipungui ukweli kwa sababu aliyeitoa alipata alama nne. Ila niseme na la upande wa pili: ukitaka hoja yako isikilizwe na wachumi wenyewe, itabidi uweze kuisoma milinganyo yao na kuwaonyesha sharti lilipovunjika. Joan Robinson aliweza kufanya hivyo. Ukitaka kuisemea nje, kwa njia ya sosholojia au historia, unaweza pia, lakini utasikilizwa na watu wengine na kwa namna nyingine. Ni suala la unataka kuzungumza na nani.

Kuhusu kuhama, tuangalie bila kujificha. Elinor Ostrom aliomba kusoma uzamivu wa uchumi katika chuo cha UCLA huko Marekani, akakataliwa kwa kuwa hesabu zake hazikutosha. Msichana wa zama zake hakuhimizwa kuzisoma. Akaingia sayansi ya siasa, akatumia maisha yake kuchunguza jinsi watu wanavyotunza pamoja maji, misitu na maeneo ya uvuvi, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Uchumi. Ni habari njema kwa mtu anayefikiria mlango mwingine. Usisahau lakini kwamba huko alikokwenda hesabu zilimfuata: alijifunza nadharia ya michezo, yaani hesabu za jinsi watu wanavyoamua pale matokeo ya mmoja yanapotegemea uamuzi wa mwingine, akaitumia kwa miaka. Sosholojia nayo ina takwimu zake. Ukihama ili usiione namba tena, utakutana nayo mwaka wa pili wa huko, ukiwa umetumia mwaka mwingine wa ada. Ukihama kwa sababu unataka kukaa na watu, kuwasikiliza na kuandika wanavyoishi, na uko tayari kwa takwimu zitakazokuja, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Kubaki nako kuna hatari yake. Mtu anayebaki kwa kinyongo husoma ili apite tu, anamaliza na shahada yenye alama zinazomfungia milango, na lile swali lililomleta linakuwa limekufa njiani. Nimesoma barua za namna hiyo pia. Kuna na njia ya kati, ambayo hujaitaja: vyuo vingi huruhusu kuchanganya, uchumi na sosholojia au uchumi na takwimu za jamii, au angalau kuchukua masomo ya hiari nje ya idara. Uliza kama chuo chako kinaruhusu. Hatari yake ni kubaki na nusu ya kila kitu, hasa hesabu pungufu kwa anayetaka kuendelea na uchumi ngazi za juu. Kuahirisha mwaka sikupendekezei wala sikukatazi, ila wengi hupoteza mwendo wakipumzika, na anayelipa ada lazima ajue mapema.

Na huyo anayelipa ada. Umeshasoma kwamba gharama iliyokwisha kutumika haipaswi kuamua hatua inayofuata: fedha imekwenda, ubaki usibaki hairudi. Kwa fedha, somo hilo ni sahihi. Kwa kaka yako halitoshi. Alichokupa si ada peke yake, ni masomo yake mwenyewe, na anastahili kuzungumza nawe kabla mambo hayajaamuliwa, asije akapelekewa taarifa. Sioni kwenye barua yako mahali popote aliposema kwamba atakasirika. Unamwogopa kaka ambaye umemtengeneza kichwani. Inawezekana anapokuita "mchumi wetu" anajivunia wewe, na neno mchumi ni la kupita tu. Inawezekana pia kwamba itamuuma kweli, na utalazimika kukaa na uchungu wake bila kukimbilia kuutuliza.

Ukizungumza naye, mpeleke na karatasi ya mtihani. Msomee ile aya uliyoiandika, mweleze ulipokwama, mweleze ulichomuuliza mhadhiri kuhusu mama. Usiende na uamuzi uliokamilika, na usianze kwa kumwambia kwamba uchumi ni uongo. Kabla ya hapo pata majibu ya mambo machache kutoka ofisi ya taaluma: tarehe kamili ya mwisho ya kuhama, masomo yako yapi yatatambuliwa sosholojia, na kama mtihani wa mwisho wa muhula unaweza bado kukuokoa kwenye mikroekonomia. Atakuuliza hayo, na ni haki yake kuyauliza.

Niandikie tena baada ya kuzungumza naye, hata kama utakuwa bado hujaamua. Na mama yako, anayemuuguza bibi, mpe salamu zangu.

Mama Mshauri